Gioto, Baada ya Mtihani

Kuna kitu kinaimba chini ya taka.
Mvua ya usiku imekishtua,
nacho tangu alfajiri kinarudia wimbo uleule wa pongezi,
sauti kama mbu ndani ya chupa,
na korongo wawili wameinamisha shingo
wakidhani ni chakula kinachojitangaza.

Naijua sauti hiyo. Ni kadi.
Kila shule zikifungwa zinapanda kilima hiki kwa lori
kutoka mabwenini, kutoka madawati ya Lanet na Bondeni,
kadi kubwa kama mlango wa banda la kuku,
nyekundu, za dhahabu, zenye utepe,
zenye vumbi la kumetameta ambalo likikuingia kuchani
utalala nalo, utasonga ugali nalo,
utaenda nalo kanisani watu wadhani umejipamba.

Mwaka wa kwanza nilidhani nimepata mali.
Karatasi nzito! Nikajaza magunia matatu.
Muhoro wa mizani akatia mkono, akachomoa moja,
akaikunja, ikakataa,
akairarua, ikatoa ngozi kama maziwa yaliyopoa.
"Hii si karatasi, mama. Wala si plastiki.
Ni popo hii. Kiwandani wataitema."
Akanilipa ya maboksi tu.

Tangu hapo nazisoma, basi.
*Chelagat, Mungu akutangulie. Ni mimi Anti Bilha, Molo.*
*Omwamba, usituangushe.*
Nyingine haina neno la mkono hata moja,
jina tu, na bei ingali imegandishwa mgongoni:
shilingi mia tatu na hamsini.
Mti ulisimama miaka mingapi, sijui.
Najua ulikatwa ukaja kusema "kila la heri"
mara moja,
halafu ukaletwa kwangu.

Sikucheki, Anti Bilha. Ulimpenda.
Upendo haukukosea njia.
Kilichokosea ni hiyo betri, ndogo kama kifungo cha shati,
inayovuja kutu ya kijani kwenye tope
ambalo mvua ikinyesha linaijua njia ya ziwani.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya wangu.
Busolo hakuniomba. Alisema tu, akiangalia kando,
kwamba Kiplimo amepata kadi saba,
amezitundika kwa kamba kama nguo.
Nikawaza kumwokotea moja, nifute jina.
Nikaona haya. Jina la mtu halifutiki,
linaacha kovu.

Usiku nikachemsha yai.
Nikachukua penseli yake mwenyewe, ile aliyoitafuna,
nikaandika juu ya ganda,
mkono ukiyumba kwa sababu yai halina mstari:
*Andika polepole. Mama.*
Nikalitia mfukoni mwa sweta lake la shule.

Jioni akarudi. Sikuuliza hesabu ilikuwaje,
uso wa mtoto ni ripoti tosha.
Akatoa maganda mfukoni, yote,
hakuyatupa njiani, sijui nani amemfunza,
na kipande kikubwa kilikuwa kimevunjika katikati ya neno,
kimebaki na *pole*.
Tulicheka hadi jirani akagonga mabati.

Maganda nimeyaponda, nikayatia kwenye managu
yaliyo kwenye madebe ya rangi mlangoni.
Penseli imerudi mkebeni.
Hakuna kilichopanda kilima.

Na kile bado kinaimba.
Sauti imeanza kuzama, inavutika
kama mlevi anayetafuta nyumba yake.
Nimechokoa kwa fimbo tangu asubuhi, sikioni.
Kila nikikaribia
kinanipongeza.