Kidole cha Shahada

Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya tatu,
feni inazungusha joto lilelile.
Ankara za maji elfu kumi na moja na mia nne,
kila moja na kijisanduku chake: Kubali.
Bofya. Subiri. Shuka mstari. Bofya.
Ikifika adhuhuri kidole kimevimba kama muhogo uliolowekwa,
na usiku kinabofya godoro, hadi mume wangu ananiuliza,
"Unamkubali nani?"

Ndipo akaja Pazi, kijana wa mitambo, na kopo lake la karanga.
Kompyuta yangu kuukuu, imewekewa Linux
kwa kuwa ile nyingine inadai leseni na ofisi haina hela.
"Kidole kimoja hakivunji chawa, shangazi."
Akafungua dirisha jeusi, akaandika mistari minne,
herufi nyeupe kama punje za mchele kwenye masizi ya sufuria.
"Ukigusa F8, kipanya kinabofya chenyewe.
Ukigusa tena, kinanyamaza."

Nikagusa.
Kipanya kimelala pale, hakitikisiki, hakilii,
ila mistari inageuka kijani, kijani, kijani.
Nikanywa chai ikiwa bado ya moto, mara ya kwanza tangu Januari.
Nikachungulia chini: kipaza sauti cha muuza vitenge
kinarudia elfu tano, elfu tano, elfu tano,
mwenyewe amesinzia kando yake.

Niliporudisha macho, ilikuwa ya elfu saba mia tatu na sita.
Zuwena Mshindo, Vingunguti. Uniti mia tisa.
Mia tisa! Chumba kimoja, ndoo mbili, mita yenye ufa.
Kila mwezi hapa nilisita,
nikapiga simu, nikaandika kwa penseli: ikaguliwe.
F8 haikusita.
Imekubali, imepita, tayari iko Kiwalani kwa mwingine.

Nikakipiga kitufe kwa kiganja kizima.

Vidole vyote vina kazi.
Hiki peke yake kilipewa jina la ushahidi.

Pazi sikumkaripia. Nilimwomba abadilishe mstari mmoja:
kibofye nikiwa nimeshikilia tu,
nikiachia, kisimame.
"Utachoka tena."
Nitachoka kidogo.

Sasa kidole kimetulia juu ya F8
kama juu ya swichi ya taa,
chumbani mwa mtoto anayekaribia kulala.
Uniti kumi na mbili. Kijani. Uniti tisa. Kijani.
Uniti mia nne na

Naachia.
Penseli nimeiweka wapi?