Kisogo

Januari, saa kumi na moja jioni, giza tayari,
mji wa Duluth, kwenye mteremko unaoshuka ziwani,
nimesimama kwenye taa nyekundu kama raia mwema,
mguu juu ya breki, mkate wa shayiri kitini.
Nimegongwa kwa nyuma. Nyuma sina macho.
Kichwa kilikwenda, kikarudi,
kama mlango uliosahauliwa wazi siku ya upepo.
Basi. Hakuna damu. Bampa imebonyea kiasi cha bakuli.
Kijana akashuka, pizza za watu zinapoa garini mwake:
"Samahani mama, breki zilishika, barafu ndiyo haikushika."
Nikamwambia mimi mzima.
Nilikuwa mzima hadi asubuhi.

Asubuhi nilitaka kutazama saa ukutani,
ukageuka mwili wote, mabega, kiuno, nyonga,
kama kabati linalohamishwa.
Arvo akacheka. Kisha akaona sicheki.

Mimi ni kinyozi. Miaka thelathini na miwili
natazama visogo vya watu:
vya mabaharia wa meli za madini, vimebabuka kwa baridi;
cha mchungaji Halvorson, chenye kovu asilolijua;
vya watoto, laini, vinanuka sabuni.
Naambia watu, inamisha, nao wanainamisha,
wembe uko mkononi mwangu na hawaogopi.
Lakini kinyozi hajinyoi.

Hospitali walinipa vidonge na kola ya sponji.
Bima walinipa fomu:
maumivu yako, kuanzia sifuri hadi kumi?
Nikaandika: inategemea nimegeukia wapi.
Fomu ikarudi. Walitaka tarakimu.

Kwa tabibu wa maungo nilikwenda shingo upande,
kwa maana zote mbili.
Arvo alisema hao ni wapasua kuni.
Dada yangu Aila alisema hao ndio waliomwinua kitandani.
Sikumwamini yeyote, ila nilichoka kulala nimekaa.

Solveig Tronrud, vidole vifupi, vya moto.
Siku ya kwanza hakuvunja kitu.
Alitundika picha ya eksirei, akahesabu pingili saba kwa kalamu:
"Hapa pangepinda kidogo. Pako pamesimama kama askari."
Akauliza ganzi, kizunguzungu, kiharusi katika ukoo.
"Zipo shingo ninazozirudisha hospitali," alisema,
"hii yako tuisikilize kwanza."
Wiki ya tatu akasema: legea.

Legea! Nimewaambia watu maelfu, sikujua uzito wake.
Ni kumkabidhi mtu kichwa chako chote,
na deni la benki limo, na mazishi ya mama yamo.
Nikasikia ka! ndani ya sikio,
kama ziwa linapopasua barafu yake mwezi Aprili,
nikalia, wala hapakuuma.
Akanipa kitambaa, akatazama pembeni,
kama mimi ninavyotazama pembeni
mteja anapogundua upara wake kwenye kioo.

Sikupona. Naomba iandikwe hivyo.
Kulia nafika mlangoni.
Kushoto nafika kwenye kalenda, nakwama.

Juzi kijana akaingia dukani, kofia mkononi.
Cade Bellanger. Jina lake ninalo kwenye karatasi za polisi.
Hakunitambua; jioni ile nilijifunika hadi pua.
"Nyuma fupi," akasema.
Nikamwambia inamisha.
Yakaenda mabega, kikaenda kiuno,
shingo ikabaki pale pale.
"Imeanza Januari," akasema, "itaondoka yenyewe. Bima sina."

Mashine ikanguruma mkononi bila kazi.
Nilikuwa na maneno, nimeyatunza miezi minne.
Nikakanyaga pedeli, kiti kikapanda, kikapanda hadi mwisho,
nikamnyoa kisogo nikiwa nimeinua uso,
upande ambao shingo yangu bado haitaki.

Kwenye risiti, nyuma, nikaandika namba ya Solveig.
Akaiweka mfukoni bila kuisoma.