Deni la Chai

Siku ya kwanza mama alikataa kushuka.
Turkistan, kuba la samawati, foleni ya wageni.
"Nitaliona dirishani," akasema,
akaendelea kumenya yai.

Siku ya pili, Aral:
mashua ya chuma juu ya matofali,
imepakwa rangi upya,
bahari imekwenda zake bila kuaga.
Gulzira akapiga picha arobaini.
Mama akapiga miayo.

Nikanuna.
Kilomita elfu na mia nne, Lada inakohoa,
na yeye kazi yake kutaja vituo vya mafuta,
kimoja kimoja, polepole,
kama anayesoma barua.

Siku ya tatu, kibanda nyikani, hakina jina,
ngamia kajikunia mlangoni.
"Simama hapa."

Akaagiza vikombe viwili, akanywa kimoja.
Cha pili kikapoa mbele ya kiti kitupu.
Akalipa vitatu.
"Dereva wa lori, mwaka themanini na tisa.
Aliniandikia: chenji ilimpungukia."

Binti wa kibanda akazigeuza noti, asielewe.
Mama keshaingia garini, keshafunga mkanda.

"Haya. Sasa nionyesheni
hiyo milima yenu ya chaki."