Mhesabu Mikono

Miaka kumi na tisa nimehesabu mikono
katika bonde hili lisilofikiwa na jua kabla ya saa nne.
Jumapili ya mwisho ya Aprili, theluji ingali imejibanza
nyuma ya kanisa,
tunasimama uwanjani, kofia mkononi, mbwa miguuni,
na mimi, Barla, juu ya kreti la maziwa,
na penseli yangu, na daftari la mistari.

Naijua mikono kuliko nyuso.
Ule usio na kidole cha shahada: msumeno wa Curdin.
Ule unaopanda nusu, ukangoja jirani, ndipo ukamaliza safari.
Ule wenye glovu nyekundu, ambao haujakubali lolote
tangu walipoifunga posta.

Mwaka wa maji siusahau.
Kampuni ya umeme ilikitaka kijito chetu, ikaja na ramani na soseji.
Ladina akasema: tuuze. Paa la shule linavuja,
watoto wanajifunza kugawanya huku ndoo iko katikati.
Duri akasema: mto haurudishwi dukani kama shati lililobana.
Akasema: soseji hizi zina chumvi, kesho mtataka maji.
Watu wakacheka, hata Ladina,
kisha akamuuliza bei ya ndoo.

Saa mbili nzima. Anayemkatiza mwenziwe, kengele.
Anayepitisha muda, kengele.
Ilipomlilia Duri, ni Ladina aliyesema:
mwacheni amalize,
sitaki kumshinda mtu aliyezibwa mdomo.

Duri ni mume wangu.
Nilimhesabu mmoja, kama yeyote.
Themanini na nne kwa themanini na moja.
Nikayasoma kwa sauti ileile ninayosomea orodha ya mbegu.

Husemwa asiyekubali kushindwa si mshindani.
Aliyesema hakulala kitanda kimoja na aliyeshindwa.
Siku tatu Duri alizungumza na ng'ombe tu.
Fedha zilipoingia, akabeba nyundo,
akapanda kupigilia paa la shule,
Ladina akimshikia ngazi,
wakibishana urefu wa misumari.

Tulimzika Februari.
Ardhi ilikuwa chuma; walichimba kwa zamu,
na zamu ya Ladina ilikuwa ndefu kuliko zote.

Aprili akasimama peke yake
na hoja ya kuliondoa basi la jioni.
Alisema vizuri. Alisema vizuri mno,
kama anayeusukuma kwa bega mlango ulio wazi,
akaingia akipepesuka.
Mikono ikapaa yote, hata glovu nyekundu.
Sijaona uwanja uliojaa watu ukawa mtupu vile.

"Nani anapinga?"
Mbwa mmoja alijikuna.
"Nani anapinga?" akarudia,
na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepapasa ukutani
kutafuta swichi ya taa katika nyumba ya zamani.

Basi lile mimi silipandi.
Nikaichomeka penseli nyuma ya sikio,
nikainua mkono wangu,
nikautazama, nikauhesabu:
mmoja.

"Sababu, Barla," akasema Ladina,
na kwa mara ya kwanza asubuhi ile
akakunja mikono ya koti lake.