Usioshe Mazulia

Jina tuliliokota ukutani,
kwenye duka la mashine za kufulia, Mtaa wa Kumi na Mbili, mjini Erie,
usiku ambao bomba la kwao Odell lilipasuka kwa baridi
na sisi wanne tukabaki na nguo mbichi mikononi.
Karatasi imebandikwa kwa plasta: USIOSHE MAZULIA.
Renata akaisoma kwa sauti ya kasisi.
Tad akacheka hadi akakaa sakafuni.
Basi. Bendi ikapata jina kabla ya kupata wimbo.

Mimi ndiye niliyepiga besi.
Nasema "ndiye" kama vile kuna aliyeuliza.
Gitaa lenyewe nililinunua kwa mjane mmoja,
nyuzi tatu; wa nne, alisema, mumewe alizikwa nao.
Sikujua kama ni utani. Nikalipa dola arobaini.
Ndiyo sababu nyimbo zetu za mwanzo hazishuki chini kabisa.
Baadaye watu waliandika kwamba ule ulikuwa mtindo.

Albamu ya kwanza tuliirekodi chini ya nyumba ya akina Kroll,
kinasa sauti chenye njia nne, kaseti moja,
ubavuni mwa boila lenye kikohozi chake:
kila dakika saba, tak, tak, halafu pumzi.
Tulilikwepa. Tulilihesabia, tukalivizia,
mwisho Odell akasema, mwacheni, huyo ni mpigaji wa tano,
akapiga ngoma kumfuata.
Sikiliza wimbo wa tatu. Yupo.
Nakala mia mbili, majalada tuliyakata kwa mkasi
kutoka maboksi ya nafaka, picha ikielekea ndani,
kwa hiyo ukifungua unakutana na sungura ameshika kijiko.
Tuliuza sitini na moja.
Mama yake Tad alinunua tisa.

Ya pili ilikuwa ya kombi.
Cleveland, Buffalo, Youngstown, tena Buffalo,
chipsi zimegandia kwenye dashibodi,
Renata akiandika maneno mgongoni mwa risiti za petroli,
mistari mifupi kwa sababu risiti ni nyembamba.
Usiku mmoja watu wanne ukumbini, sisi wanne jukwaani;
Tad akawauliza kwenye maikrofoni kama wangependa tubadilishane.
Wahenga walionya, ngoma ivumayo haidumu.
Yetu haikuvuma hata kidogo,
tukadhani basi tuna miaka mingi.

Kisha baba akaanguka kiwandani,
kule wanakounda vichwa vya treni,
upande wake wa kushoto ukawa kama nguo iliyoanikwa.
Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenibembeleza.
Odell alinisaidia kupandisha spika ngazini,
tukagonga ukuta, tukauomba ukuta radhi.
Injini ya kombi haikuzimwa muda wote huo.

Ya tatu ina mkataba, ina studio Chicago
yenye kuta za sponji zinazomeza hata chafya.
Niliinunua kama mtu yeyote, kwenye foleni, kofia hadi kwenye nyusi.
Besi anapiga kijana aitwaye Corwin, na anapiga vizuri,
nasema hivyo nikiwa nimeoga na nimekula.
Lakini wimbo wa sita,
Renata akishasema funga mlango, baridi inaingia,
vyombo vyote vinanyamaza.
Mapigo manane. Nimehesabu.
Halafu, mbali, kama kitu kilichokwama kooni mwa nyumba:
tak, tak,
pumzi.

Kumbe walirudi. Walishuka zile ngazi na kinasa sauti,
mitaa minane kutoka kitandani kwa baba,
na hawakubisha hodi.

Nilikasirika mwezi mzima. Bado nimekasirika, hasa Jumanne,
siku ya kumpeleka baba kwa daktari wa viungo.
Ila usiku, akishalala, naweka ule wimbo kwa sauti ndogo,
na yakifika yale mapigo manane
nashika gitaa la mjane, siku hizi lina nyuzi nne,
napiga sauti moja tu, ya chini kabisa,
ile ambayo zamani hatukuwa nayo.