Gundi

Jumamosi, Tartu. Emajõgi umeganda kutoka darajani hadi sokoni.
Jina la mto huu maana yake Mto Mama.
Nimeishi kando yake miaka ishirini
bila kulisikia.
Nimevua buti za theluji, nimevaa ndara za maabara,
nimezima taa.

Yai namba mia mbili na kumi na nne.
Mwenyewe ana miaka arobaini na mmoja.
Fomu haina jina, ina umri tu
na alama ya vema kisandukuni: *naruhusu utafiti.*

Si duara kamili. Limebonyea upande mmoja
kama mkate uliotolewa tanurini mapema.
Kromosomu nimezitia rangi ya buluu,
nyuzi za kuzivuta, kijani.
Zilipaswa kujipanga katikati, jozi ishirini na tatu,
kama watoto mstarini asubuhi ya shule.
Jozi moja imetoka foleni:
dada wawili, walioshikana mikono
tangu huyu mwenye yai hajazaliwa,
wameachana vidole.

Profesa Raadik huliita jambo hili *upotevu wa mshikamano.*
Mimi huiita gundi.
Hutiwa mara moja, mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mamaye,
na baada ya hapo, kwa kadiri tujuavyo,
hakuna fundi anayerudi kuongeza.
Inachakaaje? Nani aizuie?
Ndiyo ruzuku yetu ya miaka mitatu.
Hadi leo tuna mchoro unaoshuka
na panya vikongwe wasio na majibu.

Bibi yangu Leida, sasa.
Machi ya mwaka wa arobaini na tisa
walimpakia kwenye behewa la ng'ombe,
mimba ya miezi mitano, blanketi moja,
na cherehani aliyokataa kuiacha.
Siku kumi na nane, mashariki, mashariki.
Ndani yake alikuwamo mama, Virve, hajafumbua macho.
Ndani ya mama, mdogo kuliko nukta hii,
nilikuwamo mimi, nusu yangu.
Askari aliyeshika orodha
alihesabu mtu mmoja.

Gundi yangu ilitiwa katika baridi ile.
Ikashika miaka thelathini na mitano:
kupitia supu ya maganda, kurudi nyumbani,
foleni za maziwa, waume wawili wa mama,
mmoja mlevi, mmoja mpole kupita kiasi.
Ikashika. Nikazaliwa na vidole kumi.

Wasemao kwamba mayai ya mwanamke wa umri wangu ni viza
hawajaliona hata moja.
Halinuki. Halijaoza.
Limechoka kushika, basi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo.
Na mimi, nilingoja nini?
Shahada. Nyumba isiyovuja.
Mwanamume mmoja aliyejua kungoja kunishinda.
Mama hupiga simu kila Jumapili, haulizi.
Huuliza kama barafu ya mto inabeba mtu.

Jumanne iliyopita, ghorofa ya chini, walinitoa manne.
Matatu yamegandishwa,
nyuzi mia na tisini na sita chini ya sifuri,
baridi ambayo hata Leida hakuijua.
La nne lilikuwa changa. Muuguzi akaniletea fomu.
Nikatia vema kisandukuni
bila kusoma, kama watu wote.

Arobaini na mmoja.
Tartu ni mji mdogo, lakini si mdogo hivyo.
Ningeweza kuuliza. Daftari la namba liko droo ya pili,
na ufunguo ninao mimi.

Naandika: *Na. 214. Jozi moja imeachana.*
Nakaa.
Kisha naanza kuhesabu upya, toka upande wa pili,
polepole, kwa ncha ya kalamu juu ya kioo,
na kuongeza mstari ambao Raadik hatauhitaji:
*Ishirini na mbili bado zimeshika.*

Nawasha taa. Natafuta buti.