Tendua

Masatu alileta picha kwenye kadi ndogo kama ukucha,
akaiweka kaunta, kati ya gundi na picha za pasipoti
ambazo wenyewe hawajazifuata tangu Pasaka.
Yeye hushona nyavu za vizimba vya sato, Luchelele,
anashonea huko huko chini, pumzi ikimfuata kwa mpira,
na kamera yake ya mtumba hukaa ndani ya boksi la plastiki
linalovuja. "Si sana, Nkwimba. Machozi tu."

Nikafungua. Mlenda.
Kijani juu ya kijani, mlenda uliolala sufuriani,
na vumbi la ziwa limesimama mbele ya lenzi
kama pumba siku ya kupepeta.
Katikati, samaki, au wazo la samaki.
"Furu," akasema. "Mama anasema waliisha.
Nisafishie, nimwonyeshe."

Mimi kazi yangu ni nyuso.
Nimefuta chunusi za mabibi harusi wa Kirumba nzima,
nimemvalisha tai marehemu mmoja wa Igoma
aliyeishi miaka themanini bila kufunga kifungo cha juu.
Ziwa halijawahi kukaa kwenye kiti changu.

Nikaanza na rangi. Somo nililojifunzia lilitoka baharini:
maji hula nyekundu kwanza, irudishe.
Nikairudisha. Samaki akawaka kama jiko la mkaa.
Kisha vumbi. Chembe, bofya. Chembe, bofya.
Umeme ukakatika mara mbili, betri ikalia kama kifaranga,
na saa sita usiku maji yalikuwa maangavu, ya chupa.
Nikahifadhi juu ya ile ile. Nikafunga.

Asubuhi Masatu alisimama mbele ya kioo
muda mrefu kuliko awezavyo kukaa bila pumzi.
"Huyu ni jike. Jike la furu halivai nyekundu.
Na ziwa letu huanza kula bluu, si kama hiyo bahari yenu."
Halafu kidole kikaenda taratibu mdomoni mwa samaki.
"Watoto wako wapi?"

Watoto gani?

"Huwabeba mdomoni. Alikuwa anawatema wacheze.
Nilibana pumzi, mapovu yasiwatishe.
Walikuwa hapa. Kumi na wanne. Au kumi na watano."

Lugha yetu ina huruma yake:
kilichofungwa hufunguliwa, kilichozibwa huzibuliwa,
kilichoanikwa huanuliwa mvua ikitishia,
na kwenye programu lipo neno hilo, Tendua,
la kuwajibu waliosema maji yakimwagika hayazoleki.
Nikalibofya. Lilikuwa la kijivu.
Halikuikumbuka jana.
"Kadi je?"
"Nimeshaifuta. Nilitaka nafasi ya nyavu."

Ningeweza kuwachora. Nisiseme uongo:
brashi ya pikseli tatu, vitone kumi na vinne,
hata yeye asingejua. Mkono ulishafika kwenye kipanya.

Kumbe chini ya kikombe kulikuwa na karatasi,
sampuli niliyochapa jioni ile kupima wino,
nyuma nimeandika deni la mkaa la mama Sayi.
Mlenda ule ule. Pumba zile zile.
Pete ya chai imeuzunguka mkia.
Masatu akaiinamia, akahesabu kwa ncha ya kalamu
bila kugusa: hii takataka, hii takataka, huyu mtoto,
hii takataka, huyu, huyu, huyu...

Akaikunja ndani ya daftari la vizimba
akalipa elfu mbili, za ile mbovu.

Ile safi bado naitundika dirishani.
Wapita njia husema samaki mzuri, maji mazuri.
Jana mtoto mmoja wa shule, begi mgongoni,
aliganda pale hadi pumzi yake ikachora ukungu kwenye kioo,
akaniuliza mbona ameachama.